Kuhara Damu Safarini

Msomaji wangu, ukishika barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Migori, hutakwenda mbali kabla ya kufika Suneka. Hapo pana soko, na pana uwanja mdogo wa ndege. Wapita njia wengi hawautazami mara mbili. Lakini viwanja kama huo, vilivyotawanyika katika Afrika ya Mashariki, vina sehemu yao katika historia ya ugonjwa na tiba. Maana kabla ya kuwako viwanja na ndege, mtu aliyeugua vibaya porini hakuwa na la kutumainia ila nguvu za mwili wake na miguu ya wenzake.

Nitakueleza habari za msafiri mmoja aliyeokolewa na ndege. Jina lake ni Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani. Mwezi wa Novemba, 1933, alipanda meli huko Marseille pamoja na mkewe Pauline, na mwezi uliofuata wakashuka Mombasa. Nia yake ilikuwa kuwinda. Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Philip Percival, mwindaji mwenye sifa kubwa, ambaye mwaka 1909 alipata kuwinda pamoja na Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani kabla ya hapo. Wakafunga mizigo, wakavuka mpaka kuingia Tanganyika, wakapiga hema zao katika mbuga za Serengeti, penye simba na nyumbu wasiohesabika.

Haukupita muda mrefu Hemingway akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Usidhani kwamba huku ni kuharisha kwa kawaida, kunakopita kwa siku mbili. Chanzo chake ni kijidudu kiitwacho ameba, kidogo mno hata hakionekani ila kwa darubini. Daktari Fedor Lösch ndiye aliyekieleza kwanza, mwaka 1875, katika mji wa St. Petersburg. Kijidudu hiki huingia mwilini pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, hukaa katika utumbo mkubwa, huutoboa ukuta wake na kufanya vidonda. Kisipozuiwa huweza kufika hata kwenye ini. Mgonjwa hutokwa na damu, hukonda, na nguvu humwishia.

Hemingway alikuwa mtu wa kujikaza, naye aliendelea kuwinda siku kadhaa hali anaumwa. Sioni la kumsifu katika hilo, kwa kuwa ugonjwa huu hauogopi ushujaa. Mwishowe hakuweza tena. Katikati ya Januari, 1934, eropleni ndogo ikaja kambini kumchukua. Ikaruka juu ya mbuga na bonde la Ngorongoro, ikapita Arusha, na mgonjwa akauona mlima Kilimanjaro ukiwa mweupe kwa theluji. Alipofika Nairobi akatiwa mikononi mwa daktari, akapigwa sindano za emetini. Baada ya siku chache alikuwa amepata nafuu ya kurudi kwa wenzake na kuendelea na safari.

Mwaka 1936 alitoa hadithi juu ya mwindaji aliyelala kitandani chini ya Kilimanjaro, mguu wake unaoza, akingoja ndege. Mtu yule wa hadithi alikufa. Ndege iliyomchukua ilikuwa ya ndotoni. Yadhihirika kwamba mwandishi alijua sana jinsi alivyoponea chupuchupu.

Sasa nataka tuitazame ile dawa, maana ndiyo iliyo na kisa. Emetini hutoka katika mizizi ya mmea wa Brazili uitwao ipekakuana, ambao wenyeji wa huko waliutumia kutibu tumbo tangu zamani. Wafaransa waliitenga dawa yenyewe mwaka 1817. Mwaka 1912 daktari Leonard Rogers, huko Calcutta, alionyesha kwamba ikitiwa mwilini kwa sindano huishinda ameba. Ilikuwa dawa kali iliyoweza kudhuru moyo, kwa hiyo mgonjwa alipaswa kulazwa na kuangaliwa. Siku hizi madaktari wana dawa nyingine zilizo salama zaidi, zinazomezwa kama vidonge.

Ukumbuke mwaka huo, 1912. Miaka miwili baadaye vita kuu ya kwanza ikaanza, na nchi ya Kisii ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza kuvisikia vishindo vyake. Wadachi walivuka mpaka kutoka Tanganyika wakauingia mji wa Kisii, na tarehe 12 Septemba, 1914, pakapiganwa hapo na Waingereza. Wadachi wakarudi kwao. Lakini vita havikurudi; viliwafuata vijana wa nchi hii kwa njia nyingine. Jeshi la Kiingereza lilihitaji watu wa kuchukua mizigo, kwa sababu katika nchi yenye mbung'o farasi na ng'ombe walikufa upesi, na magari hayakuwa na barabara. Wakaandikwa wapagazi, na ilipofika mwaka 1917 wakakamatwa kwa nguvu wilaya kwa wilaya, Wagusii wakiwa pamoja na Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba na wengine.

Hao nao walikuwa wasafiri katika nchi ya ugeni. Walitembea mpaka kusini ya Tanganyika, mzigo kichwani, wakinyeshewa na mvua, wakila unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka, usiopatana na matumbo yao. Wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko risasi, na katika maradhi hayo kuhara damu ndiko kulikoua wengi kupita yote. Hesabu ya waliokufa ni makumi ya maelfu. Ni kweli kwamba kuhara damu kuna namna mbili, na emetini haifai kitu kwa ile iletwayo na bakteria. Hata hivyo chakula kilichoiva, maji yaliyochemshwa na siku chache za kupumzika vingaliwaokoa wengi, na mambo hayo hayakuhitaji uvumbuzi wowote.

Tofauti ya mpagazi yule na mwandishi yule, basi, haikuwa ya mwili. Matumbo yao yalikuwa mamoja. Mmoja alikuwa na nauli ya ndege.

Fikira ya kwamba ndege imwendee mgonjwa asiye na nauli ilichelewa kuja. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kazi ya Madaktari Warukao katika Afrika ya Mashariki. Walifanya shauri lao karibu na mlima uleule wa Kilimanjaro. Walitumia ndege ndogo kuwapeleka madaktari katika hospitali za mbali, na redio ya kupokea habari kutoka mahali pasipokuwa na simu. Kituo cha ndege zao kipo katika uwanja wa Wilson, Nairobi, na hata leo huwachukua wagonjwa kutoka vijijini, na watalii pia, wanaougua au kuumizwa katika Maasai Mara na Serengeti.

Ukifika Nairobi, nenda ukaitazame sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa vita ile. Ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Zunguka uitazame pande zote: jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa. Lakini jina la kikosi chao limesalia vinywani mwa watu, kwa kuwa mtaa wa Kariokor wa Nairobi na ule wa Kariakoo wa Dar es Salaam yote miwili yaliitwa kwa kikosi hicho, na watu hununua mboga humo kila asubuhi.