Mabaharia Wote: Mtu Mmoja

Tarehe 8 Septemba 1897 watu wa Port Mathurin, mji mdogo wa bandari katika kisiwa cha Rodrigues, Bahari ya Hindi, waliona mashua ya matanga ikija mbio kwa upepo mkali, povu jeupe limeizunguka. Ndani yake mlikuwa na mtu mmoja tu. Ikatokea kwamba siku hizo padre wao alikuwa akiwahubiria habari za Mpinga Kristo, yule ambaye Waislamu humwita Dajali. Basi watu wakapiga kelele wakimwomba Mungu awanusuru, kwani ndiye huyo amekuja, tena kwa chombo!

Aliyekuja alikuwa Joshua Slocum, nahodha mzaliwa wa Kanada mwenye uraia wa Marekani. Alikuwa ameondoka Boston mwaka 1895 katika mashua yake Spray, yenye urefu wa meta 11 hivi, na mwaka 1898 alikamilisha safari ya kuizunguka dunia peke yake, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Kisa cha Rodrigues amekisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1900, na amekisimulia kwa mzaha. Anasema bibi mmoja mzee aliposikia kwamba mgeni anapanda mtaa, alijifungia nyumbani akaukaza mlango kwa vizuizi, asitoke mpaka siku nane zikapita na mgeni akang'oa nanga.

Wasomaji wa Slocum walicheka. Mimi napata shida kumcheka bibi yule.

Rodrigues ni kisiwa cha kilometa za mraba zipatazo 108, kiko mbali mashariki ya Mauritius. Hakikuwa na wenyeji wa asili. Sehemu kubwa ya watu wake ni kizazi cha watumwa walioletwa kwa vyombo kutoka Madagaska na bara la Afrika enzi za Wafaransa. Na hapa habari yenyewe inatufikia sisi, maana mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Soko lao lilikuwa visiwa hivyo vya Wafaransa. Utumwa ulipigwa marufuku huko mwaka 1835, yaani mkaazi wa Rodrigues mwenye miaka 70 siku ile Slocum alipotia nanga alikuwa amezaliwa kabla ya marufuku hiyo. Slocum hakuonana na bibi yule, kwa hiyo hakumwuliza alichokuwa akikiogopa. Kwa watu wenye historia ya namna hiyo, kuona tanga geni si lazima kuwe jambo la furaha.

Serikali nayo ilikuwa na hofu yake, nayo ni maradhi. Mauritius ilikwisha kupigwa na kipindupindu mwaka 1854, kisha malaria ikaua watu maelfu kwa maelfu katika miaka ya 1860. Mwaka 1896 tauni ilizuka Bombay, na kati ya Bombay na Mauritius meli zilikuwa haziishi kupita. Kwa hiyo Slocum alipofika Port Louis tarehe 19 Septemba, hakuruhusiwa kuingia bandari ya ndani moja kwa moja. Alitia nanga penye karantini akamngoja daktari. Daktari naye hakuamini kwamba mashua nzima ina mtu mmoja, mpaka alipozisoma hati: bandari baada ya bandari, mabaharia wote, mtu mmoja. Hapo akaona kwamba mtu aliyeweza kufika huko peke yake hawezi kuwa mgonjwa, akampa ruhusa. Tauni yenyewe iliingia Mauritius mwaka 1899. Daktari yule hakuwa akisumbua watu bure.

Hata leo, mwenye mashua ya matanga akifika Port Mathurin kutoka nchi nyingine hupandisha bendera ya njano, kisha hungoja watu wa afya, uhamiaji na forodha. Wengi hunung'unika kwamba fomu ni nyingi kwa kisiwa kidogo namna ile. Lakini kisiwa kidogo, maradhi yakishaingia, watu wake watakimbilia wapi?

Slocum mwenyewe hakunung'unika. Kutoka Rodrigues alikuwa amebeba barua za kisiwa kizima kupeleka Mauritius, pamoja na barua za gavana za kumtambulisha kwa rafiki zake. Mtu aliyedhaniwa Dajali akawa tarishi! Na mwaka uliofuata, alipofika kisiwa cha Ascension katika Atlantiki, ni yeye aliyetaka chombo chake kikaguliwe na kufukizwa moshi, ili maofisa wa pale wathibitishe kwamba hakuna mtu mwingine ndani. Wakakagua pande zote, wasione mtu, naye akaondoka na uthibitisho wao kuelekea nyumbani.