Mashini ya kuandikia ingali ndani ya Word: kwa nini TFC zetu zinavurugika

Kila mwaka siku ya kuweka TFC inapokaribia, kilio ni kile kile hapa Kalemie: «Nyumbani ilikuwa sawa, kufika kwenye sekretaria kila kitu kimeruka.» Wengine wanasema ni virusi, wengine ni flashi. Mara nyingi hapana. Ni historia. Mimi ni mtu wa agronomi, sikusomea enformatiki, lakini nimetengeneza kazi za wengi wa promosyo yetu, na nimeona kwamba ubovu wenyewe una umri mkubwa kuliko sisi.

Tuanze na mashini ya kuandikia, ile ya madaktilo. Pale kila herufi ilikuwa na upana mmoja, i sawasawa na m, kwa kawaida herufi 10 au 12 ndani ya inchi moja. Daktilo aliyetaka safu za hesabu zilingane alihesabu nafasi kwa kidole, na kweli zililingana. Ule ulikuwa ufundi wa haki. Wakati ordinateri zilifika, mkono ule ule ulihamia kwenye klavye mpya, na sisi tukafundishwa hivyo: nafasi, nafasi, nafasi. Lakini Times New Roman, iliyotokea mwaka 1932 katika gazeti la The Times la London, ina i nyembamba na m pana. Nafasi ulizohesabu zinaonekana sawa tu mpaka siku fonti itabadilika.

Mwenzangu mmoja alijaribu mbolea kwenye muhogo. Mbuzi walikula kipande kimoja cha T2, kwa hiyo pale kwenye tablo aliacha wazi, akajaza kwa nafasi. Sekretaria ilikopia sura yake ndani ya modeli yao yenye Calibri, na hesabu ya T3 ikateleza upande wa kushoto, ikakaa chini ya T2. Ikachapwa hivyo. Juri ikamuuliza: haya mavuno yametoka wapi, kama mbuzi walikula? Kwa muda alionekana kama mtu aliyetunga hesabu. Miezi yote ya jua shambani, na juu ya nini? Juu ya nafasi tupu.

Sasa, Calibri ilitoka wapi? Word ya kwanza ilitoka mwaka 1983. Charles Simonyi, aliyeiongoza, alikuwa ametengeneza Bravo pale Xerox, Marekani, kabla ya kwenda Microsoft mwaka 1981. Toka mwanzo Word ilikuwa na stili: maneno yako ni mwili, stili ni nguo, na unaweza kubadilisha nguo bila kugusa mwili. Nguo ya kila siku inaitwa Normal. Katika Word 2003 Normal ilikuwa Times New Roman 12. Katika Word 2007 ikawa Calibri 11, mistari ikapanuliwa 1,15 na nafasi ya pointi 10 kisha kila aya. Mwaka 2013 wakabadilisha tena: 1,08 na pointi 8. Faili yako inatembea na Normal yake, lakini ukiibandika ndani ya modeli ya mwingine, Normal ya huko njo inashinda. Kurasa 60 zinakuwa 67, na tabo la yaliyomo linasema uongo.

Karatasi nayo ina hadithi. A4, milimita 210 kwa 297, ilitangazwa Ujerumani mwaka 1922, na Ubelgiji ikaipokea mwaka 1924, wakati mji wetu ungali unaitwa Albertville. Marekani walibaki na Letter, 216 kwa 279. Ordinateri iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani mara nyingi inafungua Word katika Letter: kila ukurasa unapoteza milimita 18, ni mistari miwili au mitatu, na maneno yote ya Kifaransa yanapigwa nyekundu. Fonti unaweza kuwa umelinda vizuri, lakini karatasi ndiyo inakuangusha.

Kwa hiyo ukipokea kazi iliyovurugika, usianze kuvuta mistari kwa mkono. Bonyeza kwanza alama ya ¶. Ukiona vitone vingi kati ya hesabu, tengeneza tablo ya kweli. Ukiona ¶ kumi zimepangana chini ya ukurasa, zifute, weka Ctrl+Enter. Vichwa vya sura vipe stili ya Titre 1, angalia kama karatasi ni A4, na namba za kirumi za mwanzo zitenganishe kwa kukata seksyo. Halafu peleka PDF kwa kuchapa, hapana Word.

Na soma kichwa cha ukurasa wa kwanza, kile ambacho hakuna mtu anakisoma. Katanga iligawanywa mwaka 2015 ikawa majimbo manne, letu likawa Tanganyika. Juzi nimepokea barua ya ofisi moja hapa mjini, ya mwaka huu, muhuri mpya kabisa, na juu yake: «Province du Katanga».