Wasichana wa Pietà na deni la Vivaldi

Mwaka 2025 zilitimia karne tatu tangu Misimu Minne ya Antonio Vivaldi ichapishwe Amsterdam na, kama kawaida, sifa zilimwendea mtunzi. Anazistahili, lakini si peke yake. Koncheto, muziki ambao chombo kimoja hujibizana na okestra ndogo, ilikomaa Venice mikononi mwa padri Vivaldi aliyeandika na wasichana waliotelekezwa ambao ndio waliopiga. Padri tunamjua. Wasichana tumewasahau, na huko ni kuwadhulumu.

Pietà, nyumba ya Venice iliyowalea, ilianzishwa mwaka 1346 kupokea watoto waliotupwa. Wavulana walifundishwa ufundi wakaondoka. Wasichana wengi walibaki, na wenye vipaji wakaingizwa kwenye muziki. Kwa kuwa hawakuwa na jina la ukoo, waliitwa kwa vyombo vyao, kama Anna Maria wa fidla. Walipiga wakiwa juu roshanini, nyuma ya wavu wa chuma, wasikilizaji wasiwaone sawasawa. Mfaransa Charles de Brosses, aliyefika Venice mwaka 1739, alisimulia kwamba walipiga fidla, filimbi, ogani, obo, chelo na basuni, na hapakuwa na chombo kikubwa cha kuwatisha. Hao ndio Vivaldi aliowakuta Septemba 1703, alipoajiriwa kufundisha fidla kwa dukati 60 kwa mwaka.

Tukio linalofumbua macho zaidi ni kura ya mwaka 1709. Kila mwaka wakuu wa Pietà walipiga kura kuamua kama mwalimu aendelee, na safari hiyo Vivaldi alishindwa kwa kura 7 dhidi ya 6. Wapo wanaoona chuki hapo, au ukaidi wa padri mwenyewe. Maelezo yenye uzito zaidi yako kwenye utaratibu wa nyumba ile: wasichana wakubwa waliwafundisha wadogo, kwa hiyo wakuu wenye kubana matumizi wangeweza kuona kwamba mwalimu wa kulipwa si wa lazima. Ikiwa ndivyo, basi okestra hii ilikwishafikia hatua ya kujiendesha, na anayeiita darasa la Vivaldi anakosea. Mwaka 1711 walimrudisha kwa kura zote, na mwaka huohuo kitabu chake cha koncheto 12, L'estro armonico, kilitoka Amsterdam. Bach alizichukua kadhaa na kuziandika upya kwa ajili ya vyombo vya kinanda. Mwaka 1723, Vivaldi akiwa mtu wa safari, Pietà ilikubaliana naye awaletee koncheto mbili kila mwezi. Waliomhitaji mwalimu sasa walihitaji zaidi karatasi zake.

Atakayepinga atasema Vivaldi aliandikia wengine pia, na kweli Misimu Minne aliitunuku kwa kabaila Morzin wa Bohemia. Atasema tena kwamba mpigaji si mtunzi. Lakini mtunzi huandika kile anachojua kinaweza kupigika, na Vivaldi alikuwa na wapigaji wa karibu kila chombo nyumba moja, siku zote, wakifanya mazoezi pamoja tangu utotoni. Mabwana wachache wa Ulaya waliweza kujivunia hilo. Zipo koncheto za fidla zenye jina la Anna Maria, na daftari lake la muziki limehifadhiwa Venice hadi leo. Ugumu wa nafasi zake ni ushahidi wa mkono wake kama ulivyo wa kalamu ya Vivaldi. Anna Maria aliishi Pietà hadi kifo chake mwaka 1782. Msichana aliyeolewa alilazimika kuahidi kutopiga tena hadharani mjini humo, sharti ambalo lilizima vipaji na ambalo wasifu wa Vivaldi hauna budi kulitaja.

Baadaye koncheto nyingi za Vivaldi zilipotea machoni hadi hati zake zilipoibuka kaskazini mwa Italia mwaka 1926. Leo watalii hupelekwa kwenye kanisa la Pietà wakiambiwa ni la Vivaldi, ingawa lilianza kujengwa baada ya yeye kufa mwaka 1741. Kwenye ratiba za maonyesho yanayofanyika humo, jina la Anna Maria lina haki ya kuchapishwa kando ya lake.