Kuchaguliwa na Kuchagua

Desemba 2024 nilipanda Ngujini, kama wanavyopanda Wapare wengi kila mwisho wa mwaka, na nikaikuta nyumba ya bibi imegawanyika pande mbili. Ugomvi ulikuwa juu ya binti wa dada yangu, mtoto wa miaka 13 aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba na kupata wastani wa B. Serikali ilikuwa imempangia sekondari ya kutwa. Dada alisema hapana, mtoto wake haendi huko, atamtafutia shule binafsi ya bweni upande wa Moshi hata kama itabidi auze kiwanja. Shemeji alikuwa anapiga hesabu nyuma ya daftari na kila akimaliza anaguna. Bibi yeye alitaka shule ya kanisa, basi, akishasema hivyo anaona mjadala umekwisha.

Baba mkubwa alikaa karibu na mlango akichonga mpini wa jembe. Alituacha tukabwabwaja karibu saa nzima. Halafu akasema bila kuinua macho: "Nyie mna bahati. Mnagombana kuchagua. Sisi tulikuwa tunachaguliwa."

Msomaji, mimi natafuta kuwa mwandishi wa riwaya, na mtu wa namna hiyo hupanda milimani na kalamu mfukoni akitumaini wazee watamwangushia hadithi. Nilichoangushiwa safari hii ni vitenzi viwili tu. Nikaanza kuuliza, na kusoma, na nikaona kwamba historia ya shule huku kwetu imo humo humo, kati ya kuchaguliwa na kuchagua.

Mwanzoni waliochagua walikuwa wamisionari. Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini, huku Upare ya Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista wakaanza Upare ya Kusini mwaka 1903. Shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja, na mzazi Mwislamu alipaswa kufikiri mara mbili kabla hajampeleka mwanawe mahali ambapo angeweza kurudi na jina jingine. Hata hivyo Wapare waliipenda shule, na mapema. Kahawa ilipoanza kuleta senti, senti zilikwenda kwenye ada. Lakini ngazi ilikuwa nyembamba mno juu. Mtoto alichujwa darasa la nne, akachujwa tena la nane. Mwaka nchi ilipopata uhuru, 1961, Tanganyika nzima haikuwa na wanafunzi 12,000 wa sekondari.

Nisiwafanye wazee wetu waonekane wapole waliosubiri kupewa. Hawa ndio watu ambao mwaka 1945, walipoletewa kodi mpya ya kukadiriwa iliyoitwa mbiru, walishuka kwa maelfu hadi Same na kukaa huko kumgomea mkoloni. Mwanahistoria Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, ameliandikia kitabu jambo hilo. Nalitaja kwa sababu huwa nasikia vijana mjini wakisema eti Mpare ni mtu wa kubana senti tu. Senti anabana, sikatai. Ila akiona amepunjwa, anatembea.

Turudi shuleni. Baada ya Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu juu ya Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, serikali ilizichukua shule za misheni, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikalikamilisha jambo hilo. Ada ya sekondari ilikuwa imefutwa tangu 1964. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Mwaka 1974 chama kikakaa Musoma na kuazimia kila mtoto asome shule ya msingi, na kufikia 1977 nchi nzima ilikuwa mbioni. Madarasa ya msingi yakafurika. Sekondari hazikuongezwa kwa kasi hiyo, kwa makusudi kabisa. Elimu ya msingi ilitakiwa ijitosheleze, mtoto arudi kijijini akalime kwa akili zaidi kuliko baba yake.

Hapo ndipo alipoingia baba mkubwa. Alianza darasa la kwanza 1974, akamaliza la saba 1980. Siku hizo, katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba nchini, hawakufika 5 waliopata nafasi katika sekondari za serikali. Na nafasi hizo hazikugawiwa kwa alama peke yake. Kila mkoa ulikuwa na mgao wake, kwa kufuata idadi ya watoto waliomaliza. Kwa hiyo mtoto wa mkoa uliotangulia kielimu, kama Kilimanjaro yetu, alihitaji alama nyingi kuliko mwenzake wa Lindi au Rukwa ili wote wawili waingie kidato cha kwanza.

Nimelifikiri sana jambo hili, na siwezi kusema serikali ilikosea. Mtoto wa Lindi hakuwa mjinga. Hakupata tu wamisionari na kahawa kwa wingi kama sisi. Kama wangechukua kwa alama tupu, sekondari zingejaa majina ya milima miwili mitatu na nchi ingekuja kulipa baadaye. Ninachokilalamikia ni kingine. Baba mkubwa hakuambiwa hayo. Kwa maneno yake mwenyewe, yalikuja majina tu. Mwalimu mkuu akasoma majina mawili, na watoto wengine wote wakaenda nyumbani. Alama zake hakuzijua siku ile na hazijui hadi leo.

Tena mwaka huo huo, 1980, mtu wa Chomvu, Usangi, mtu wa wilaya yetu, Cleopa Msuya, aliteuliwa Waziri Mkuu. Baba mkubwa hucheka akilikumbuka. Milima ilikuwa inashangilia, naye yuko shambani na jembe.

Sasa angalia Kiswahili kilivyofanya kazi yake hapo. Kwa sheria za lugha, kufaulu ni kufikia kiwango na kuchaguliwa ni kupewa nafasi. Lakini katika vinywa vya watu maneno hayo yaligeuka kuwa moja. Aliyechaguliwa ndiye aliyefaulu, na ambaye hakuchaguliwa, amefeli. Nchi ilikuwa na upungufu wa madawati, lakini upungufu huo ukaandikwa kwenye jina la mtoto. Baba mkubwa ameitwa aliyefeli kwa zaidi ya miaka 40, na watu wasiojua alipata ngapi, nikiwamo mimi. Nilipokuwa mdogo na mvivu wa hesabu, mama alikuwa akinionya: "Utaishia kama baba yako mkubwa." Leo nikikumbuka nasikia aibu, maana yeye alikuwapo, anasikia, na hakujibu kitu.

Milima ilijibu kwa njia nyingine. Tangu zamani huku kuna msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji, kutengeneza barabara na kuzibua ndiva za maji. Anapigiwa mbiu kila mtu, na asiyekuja anatozwa. Miaka ya 1980, serikali ilipoanza kulegeza na kuruhusu shule nyingi zaidi zisizo zake, msaragambo ukahamia kwenye sekondari. Wananchi walibeba mawe na mchanga, makanisa yakaanza upya, na Jumuiya ya Wazazi ya CCM ikafungua shule zake. Kilimanjaro ukawa mkoa wa mbele nchini kwa shule hizo. Mwaka 1985 ada ikarudishwa hata katika sekondari za serikali, na wazazi wakazoea tena kulipa. Ule mgao uliotaka kupunguza mwendo wa watu wa milimani ndio uliowasukuma kujenga vya kwao. Sidhani kama waliouandika walilitazamia hilo.

Baba mkubwa alibeba mawe. Alikuwa na miaka 18 au 19, ana nguvu, na msaragambo haukumuuliza alifaulu au alifeli. Nilimuuliza alijisikiaje kujenga shule ambayo haikuwa yake tena. Akasema mawe yalikuwa mazito. Nikangoja aongeze neno. Hakuongeza.

Sisi wa kizazi cha shule za kata tuliingia kwa mlango mwingine. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na kutoka 2006 serikali ikaja juu kwamba kila kata iwe na sekondari yake. Msaragambo tena, safari hii kwa amri. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari zisizofika 1,300. Mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya 4,200. Sijui nchi nyingine nyingi zilizofanya jambo kama hilo kwa miaka sita. Majengo yalikuja, walimu hawakuja. Mitaani shule zikaitwa yeboyebo, kama zile kandambili za plastiki, na walimu waliopikwa kwa wiki chache tu wakaitwa voda fasta. Tulicheka, lakini tulikuwa tunajicheka wenyewe.

Halafu matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yakatangazwa, Februari 2013. Watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Bunge likachemka, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya, na bado ilikuwa msiba. Kaka yetu alikuwa kati ya hao. Alikuwa amechaguliwa, kumbuka. Bibi alichinja kuku siku jina lake lilipotoka. Miaka minne baadaye tukajua kwamba alichaguliwa kwenda kukaa darasani bila mwalimu wa hisabati.

Kwa hiyo dada alipokuwa anafoka pale sebuleni kuhusu shule ya kutwa, alikuwa anamfokea kaka yetu wa 2013, na wote tulilijua hilo. Tangu Januari 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne hakina ada kwenye shule za serikali. TAMISEMI hupanga watoto: wachache wanakwenda shule za vipaji maalumu, wachache za ufundi, wachache bweni la kawaida, na wengi sana kutwa. Kuchaguliwa kumekuwa kwepesi. Kuchagua ndiko kunakouzwa sasa, na bei yake ni kiwanja cha shemeji.

Jioni ile nilitoa simu. Baraza la Mitihani huweka matokeo ya kila shule mtandaoni, mtu yeyote anaona. Mtandao wa milimani unataka subira, ilinibidi nisimame karibu na mgomba mmoja nyuma ya jiko ambako unashika. Nikarudi na shule zote tatu. Ile ya Moshi ilikuwa na daraja la kwanza nyingi, lakini watahiniwa wachache mno. Ya kanisa ilikuwa ya kati. Ya kutwa iliyopangwa na serikali ilinishangaza: sifuri zimepungua mwaka hadi mwaka, na kwenye biolojia walifanya vizuri kuliko ya kanisa. Hisabati ilikuwa vibaya.

"Mwalimu wa hisabati yupo?" baba mkubwa akauliza.

Tulitazamana. Katika ugomvi wa saa nzima, kati yetu sote tuliosoma sekondari, hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Shemeji akasema angeweza kupiga simu. Baba mkubwa akasema simu haimwoni mwalimu, heri mtu ashuke kwa miguu akaangalie, na apime njia yenyewe, kama mtoto wa kike anaweza kuipita saa 11 alfajiri na kurudi jioni, au itabidi apangishiwe chumba na yale tunayoyajua yaanze. Dada akanyamaza. Bibi akasema shule ya kanisa ina geti. Kweli ina geti.

Baadaye wengine walipokwenda kulala, baba mkubwa aliomba simu. Nilimwonyesha jinsi ya kusukuma ukurasa kwa kidole. Akapita majina ya shule polepole, midomo ikimtembea.

"Na ya darasa la saba yamo?"

"Yamo."

"Ya 1980?"

Nikamwambia hayamo, ya zamani hivyo hayakuwekwa. Akatikisa kichwa, akanirudishia simu, akamwita binti aliyekuwa anaosha vyombo na kumuuliza ana viatu gani vya kutembelea, maana kesho watashuka wote wawili mapema kuiona hiyo shule.