Nani Mwenye Somo la Dini? Habari za Halmashauri za Wenyeji katika Uingereza

Walimu wenzetu wengi hudhani ya kuwa katika Uingereza, nchi ambayo mfalme wake ndiye mkuu wa Kanisa la Kianglikana, somo la dini hupangwa na serikali kuu na kuteremshwa mashuleni. Sivyo. Tangu zamani somo hili limekuwa la wenyeji: muhtasari wake hutungwa katika kila eneo, na watu wa eneo hilo ndio waliopewa kuuangalia. Tumekusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na tutakawia kidogo pale habari zinapowagusa watu waliotoka Afrika ya Mashariki.

Chanzo chake ni ugomvi. Kabla ya mwaka 1870 shule nyingi za watoto wa raia wa kawaida zilikuwa mali ya makanisa, na kila kanisa lilifundisha katekisimu yake. Sheria ya Elimu ya mwaka huo, iliyofikishwa Bungeni na W. E. Forster, ilianzisha bodi za shule zilizochaguliwa na wenyeji, ili zijenge shule kwa fedha za kodi pale ambapo shule hazikutosha. Papo hapo swali likazuka: kodi hutolewa na Waanglikana, Wabaptisti, Wamethodisti, Wakatoliki na Wayahudi, basi shule hizo zifundishe dini ya nani? Mbunge William Cowper-Temple akaleta kifungu kinachoitwa kwa jina lake hata leo: katika shule za bodi kusifundishwe katekisimu wala tamko lolote la imani lililo la dhehebu moja peke yake. Tena mzazi akapewa haki ya kumtoa mwanawe katika somo hilo. Na ili mtoto huyo asipoteze masomo mengine, dini ikawekwa mwanzo au mwisho wa masomo ya siku.

Amani haikudumu. Sheria ya mwaka 1902 ilizifuta bodi, ikaikabidhi kazi yao kwa halmashauri za mikoa na miji, na kodi ikaanza kuzilisha shule za makanisa pia. Wakristo wasio Waanglikana wakaona wanalipishwa ili watoto wafundishwe imani wasiyoikubali. Wakiongozwa na mchungaji Mbaptisti John Clifford, maelfu walikataa kulipa sehemu hiyo ya kodi. Wakapelekwa mahakamani, vyombo vya nyumbani mwao vikanadiwa, na baadhi yao wakafungwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu msomaji wa leo, akiona vikao vya halmashauri vilivyojaa kumbukumbu na ajenda, aweza kudhani ni ukarani mtupu. Vikao hivyo vilibuniwa na watu waliokuwa wamechoka kupelekana gerezani.

Katika miaka ya 1920 watu wa makanisa mbalimbali walianza kuketi pamoja na walimu na kutunga muhtasari mmoja. Uliosifika kuliko yote ni ule wa Cambridgeshire wa mwaka 1924, ambao maeneo mengine mengi waliuazima. R. A. Butler alipoleta Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, alikuta njia imekwisha kukanyagwa. Sheria hiyo ilililazimisha somo la dini katika kila shule ya umma. Na ni ajabu kwamba hapakuwa na somo jingine lolote lililolazimishwa na sheria hiyo. Ila Bunge halikusema kifundishwe nini. Kila eneo liitishe mkutano wa kamati nne: ya Kanisa la Kianglikana, ya madhehebu mengine, ya halmashauri yenyewe, na ya vyama vya walimu. Kila kamati ilikuwa na kura moja, na hapana muhtasari uliopita mpaka zote nne zikubali. Walimu wenzetu na waitazame vizuri kamati ile ya nne. Mwalimu hakuitwa kutoa maoni na kwenda zake. Alipewa kura yenye uzito sawa na ya maaskofu. Sheria iliruhusu pia, bila kulazimisha, kuwapo kwa halmashauri ya kudumu ya ushauri.

Lakini waliokaa mezani karibu wote walikuwa Wakristo, na miji ilikuwa ikibadilika. Walikuja watu kutoka India, Pakistani na visiwa vya Karibiani. Kisha, mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda kwa muda wa siku 90. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende huko, wakaenda vivyo hivyo. Wahindu, Waislamu na Masingasinga, wengi wao wakijua Kiswahili cha madukani, wakawaandikisha watoto wao katika shule ambazo muhtasari wake wa dini ulikuwa Biblia.

Huko Birmingham mkutano wa kutunga muhtasari mpya ulikuwa umekwisha anza tangu 1970, ukiwa na Wayahudi, Waislamu, Wahindu na Masingasinga ndani yake. Ulipotoka mwaka 1974 ulizua kelele, hasa kwa kuwa uliingiza ukomunisti kama jambo la kujifunza. Wanasheria nao wakasema ulikuwa mfupi mno kuitwa muhtasari. Ukaandikwa upya na kupitishwa mwaka 1975.

Sheria ya mwaka 1988 ilizilazimisha maeneo yote kuwa na halmashauri ya ushauri, na ikaziagiza mihtasari mipya ikiri kwamba dini za nchi hiyo kwa sehemu kubwa ni za Kikristo, huku ikizingatia dini kuu nyingine. Ilibadilisha pia jina la somo. Kwa Kiswahili twaweza kuieleza tofauti hiyo hivi: zamani mtoto alifundishwa dini, sasa anaelimishwa juu ya dini. Vitenzi hivyo viwili haviwezi kubadilishana nafasi, na tunaona mengi yaliyobishaniwa katika vikao hivyo yamo humo.

Ubishi haujaisha. Katika Wales, sheria ya mwaka 2021 iliwaingiza wazi wenye falsafa zisizo za dini. Kwa upande wa Uingereza, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2023 kwamba mkoa wa Kent ulikosea kumnyima kiti mtu wa aina hiyo. Wakati huohuo shule nyingi, hasa za sekondari, zimetoka mikononi mwa halmashauri na kuwa shule zinazojiendesha, ambazo hazifungwi na muhtasari wa eneo. Mwaka 2018 tume moja ilipendekeza mihtasari ya maeneo isiwe lazima tena, pawe na mwongozo mmoja wa taifa zima, na halmashauri zigeuzwe kuwa mitandao ya ushauri. Serikali ya wakati huo haikuyakubali mapendekezo hayo.