"Nzuri sana" siyo jibu: historia kidogo ya kukosoa picha

Nilipotea kwa sababu ya UE, mnajua wenyewe hali inavyokuwa, mtu unalala na madesa kifuani. Sasa mitihani imekwisha, boom nalo limekwisha, kilichobaki ni kusoma vitu ambavyo hakuna mtu atakayeniuliza kwenye mtihani. Leo ni historia, lakini siyo ile ya Berlin 1884. Ni ya watu waliopeleka picha zao za mwanzo mwanzo kwa mwenye jicho, wakaambiwa ukweli.

Aliyenitia kwenye haya mambo ni mdogo wangu wa Ijumbi. Ni mtoto wa baba mdogo, kwa hiyo kwetu ni mdogo wangu kabisa, habari za binamu hapo hazipo. Msimu uliopita aliuza kahawa yake, akaongezea na vibarua vya kupakia ndizi, akanunua kamera ya mtumba Mwanza. Anataka awe mpiga picha wa harusi na kipaimara kule Muleba. Akanitumia picha 12, chini akaandika: "Dada, zikoje?" Kumbe alikuwa ameshawauliza watu wa ukoo wote, akajibiwa "nzuri sana", "hongera mwanetu", "Mungu akubariki", na vidole gumba kama 20 hivi. Wakati huohuo shangazi yetu mmoja, ambaye gumba lake lilikuwa la kwanza kabisa, alikuwa ameshalipa advansi kwa mpiga picha wa Bukoba mjini aje kwenye harusi ya mwanawe.

Ndo hapo niliposhtuka. Dogo ametia mtaji wa mwaka mzima kwenye ile kamera, na watu wanaompenda wote wamemdanganya kwa upole.

Sisi wa ualimu tunaimbiwa neno mrejesho tangu mwaka wa kwanza. Mkaguzi akikaa nyuma ya darasa lako kwenye BTP halafu akaandika "somo zuri", kesho utafundisha vilevile. Akiandika "umeuliza maswali saba, yote yamejibiwa na wanafunzi wa dawati la mbele", kesho utatembea mpaka nyuma. Nikajiuliza, hivi kwenye picha nani aliwahi kuambiwa kitu cha namna hiyo?

Wa kwanza niliyempata ni Paul Strand wa New York. Huyu alizaliwa 1890, mwaka uleule Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba (nimeweka hii ili mjue ni zama zipi). Shuleni mwalimu wake alikuwa Lewis Hine, yule aliyekuja kujulikana kwa picha za watoto waliofanyishwa kazi viwandani. Hine akawapeleka wanafunzi wake kwenye ukumbi mdogo wa picha, namba 291 Fifth Avenue, wa Alfred Stieglitz. Strand alipoanza kupiga mwenyewe, akawa anarudi pale mara kwa mara na kazi zake mkononi, miaka kadhaa.

Mtindo wa siku hizo ulikuwa lenzi laini, picha inatoka na ukungu ukungu kama imechorwa kwa brashi, na watu walizipenda. Stieglitz alipoziangalia za kijana hakusema nzuri, hakusema mbaya. Alimwambia kwamba lenzi ile inafanya kila kitu kionekane kimetengenezwa kwa kitu kimoja. Nyasi zinafanana na maji, maji yanafanana na magome ya mti. Basi.

Mimi hiyo sentensi nimekaa nayo siku mbili. Angalia alichofanya mzee yule. Anazungumzia kitu ambacho wote wawili wanakiona kwenye karatasi, nyasi hizi, maji haya. Anataja chanzo, lenzi, kitu ambacho kijana anaweza kukibadilisha kesho asubuhi. Kuhusu kipaji chake hakugusa kabisa. Strand mwenyewe alikuja kusimulia jambo hilo uzeeni kama somo kubwa alilopata. Na matokeo yake yapo: kati ya 1915 na 1916 picha zake zikabadilika kabisa, watu wadogo wa Wall Street wakipita chini ya madirisha makubwa meusi, mwanamke kipofu wa mtaani kaning'iniza kibao kifuani. Toleo la mwisho la jarida la Stieglitz, Camera Work, la 1917, likatolewa kwa ajili ya picha za Strand. Miaka ya 1963 na 1964 alikuwa Ghana, mzee wa miaka sabini na kitu, anapiga watu wetu wa Afrika na kila mkunjo wa ngozi unaonekana.

Ngozi. Hapo nina la kusema, kwa sababu picha za dogo zinanihusu hapo hapo.

Kwa miongo kadhaa filamu za rangi za Kodak zilisahihishwa maabara kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu. Kadi hizo waliziita Shirley, jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopigwa. Rangi ya ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi "sahihi". Ukipiga mtoto mweusi na mzungu kwenye picha moja ya darasa, yule mweusi anabaki macho na meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alichapisha utafiti wake juu ya kadi hizi mwaka 2009, na ndani yake kuna kisa kimoja cha kuchekesha kama una moyo wa kucheka. Waliosukuma sana kampuni irekebishe filamu zake walikuwa watengeneza samani na watengeneza chokoleti! Wa samani walilalamika kwamba mbao nyeusi na mbao za kahawia zinatoka sawa. Wa chokoleti wakasema ile ya maziwa na ile nyeusi hazitofautiki kwenye tangazo. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla ya bibi yangu. Lakini hata nikiwa na hasira nakubali kwamba malalamiko yale yalikuwa mrejesho wa kufaa: vitu viwili vyenye rangi tofauti vimetoka rangi moja, hii hapa, angalia.

Kamera za siku hizi hazitumii filamu ila tabia moja ya kizamani wanayo bado. Kamera inapima mwanga ikichukulia kwamba vyote ilivyoelekezewa, ukivichanganya, ni kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mlangoni na nyuma yake kuna anga jeupe la saa saba mchana, kamera inaona mwanga ni mwingi, inapunguza, na uso unazama gizani. Ukimpiga bibi harusi na shela lake kajaza picha nzima, inapunguza vilevile, shela linakuwa kama limefuliwa na majivu. Kati ya picha 12 za dogo, tano ni za namna hiyo. Siyo kwamba hajui. Hakuna aliyemwambia kwamba kamera inahitaji kuongezewa mwanga hapo kwa makusudi, au mtu avutwe kivulini chini ya migomba ambako mwanga ni laini.

Ila mkosoaji bora wa ukoo mzima nilikuja kumpata bila kutegemea. Nilikuwa nyumbani likizo, nikamwonyesha bibi ile picha yake kwenye simu. Akaisogeza mbali na macho, akaitazama muda mrefu. "Waitu! Viatu vyangu viko wapi?" Kweli, dogo alikuwa amemkata magotini, na bibi siku hiyo alivaa viatu vipya. Halafu akauliza, "Na huu mgomba mbona umeota kichwani kwangu?" Nikatazama. Mgomba wa nyuma ya nyumba umesimama sawasawa juu ya kitambaa chake, kama pembe. Mimi niliitazama picha hiyo mara kumi sikuuona. Bibi hajawahi kushika kamera, lakini amesema kilekile alichosema Stieglitz, kitu kinachoonekana na kinachorekebishika kwa kusogea hatua moja kushoto.

Dogo aliponiuliza kama ahamie Dar ndo atajifunza vizuri, nikamsimulia Priya Ramrakha wa Nairobi. Alizaliwa 1935 kwenye ukoo wa wachapaji, gazeti la Colonial Times lilikuwa la mjomba wake. Akawa anapiga Nairobi yake, mitaa, ubaguzi, polisi na vita vya Mau Mau, akiwa bado kijana mdogo. Eliot Elisofon, mpiga picha wa jarida la Life, alipozikuta kazi hizo akamsaidia kwenda kusoma Art Center kule Los Angeles. Mwaka 1963 akawa amerudi kupiga uhuru wa Kenya, na baadaye majarida ya Time na Life yalimtuma pembe nyingi za Afrika mpaka alipouawa kwa risasi Biafra, Oktoba 1968, na miaka 33 tu. Mnaona mpangilio wake? Picha za nyumbani zilitangulia, mkosoaji akazikuta. Kama angengoja afike Los Angeles ndo aanze, Elisofon angeona nini?

Kwa hiyo barua yangu kwa dogo ilikuwa fupi. Nilichagua picha mbili tu kati ya zile 12. Ya watoto wanaomenya ndizi nilimwambia mikono yao ndiyo iliyonishika, mwanga umetoka pembeni na kila kidole kinaonekana, arudie saa ileile. Ya bibi nilimwandikia maneno ya bibi mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Zingine nilinyamaza kwanza, mtu hawezi kubeba makosa kumi kwa mpigo, hata sisi kwenye BTP tunaandikiwa matatu.

Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu ikaja picha moja, bibi kasimama kivulini, viatu vyote viwili, mgomba umehamia pembeni.

Wiki ijayo anapiga ndoa ya jirani bure ili apate kazi za kuonyesha. Nimemwambia anitumie tatu tu, na kwa kila moja aandike alitaka tuone nini. Shangazi bado hajaambiwa chochote. Mwenye jicho zuri kati yenu aje tuzitazame pamoja, chumba mnakijua, chai ipo, sukari mje nayo.