Hati ya Vailima

Mtoto anayezaliwa siku ya sikukuu huwa na jambo lake. Nyumba nzima hufurahi, nguo mpya huvaliwa, wageni huingia na kutoka. Ila furaha hiyo ni ya watu wote, na siku yake humezwa na siku kubwa. Annie Ide, binti wa Kimarekani, alizaliwa tarehe 25 Disemba, siku ya Krismasi, na kwa hivyo hakuwa na siku ya kuiita yake.

Baba yake, Henry Ide, alikuwa Samoa, miongoni mwa makamishna watatu waliowekwa kwa Mkataba wa Berlin wa 1889 kuamua madai ya ardhi. Madai ya wageni, yakijumlishwa, yalizidi ukubwa wa visiwa vyenyewe. Huko alijuana na Robert Louis Stevenson, mtunzi wa Kiskoti aliyelowea kisiwa cha Upolu kwa ajili ya afya yake. Wasamoa walimwita Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa Kisiwa chenye Hazina, aliyoifasiri Frederick Johnson.

Stevenson aliposikia habari ya binti huyo hakukomea kumpa pole. Alikuwa amesomea sheria. Basi tarehe 19 Juni 1891, nyumbani kwake Vailima, aliandika hati kamili yenye mashahidi wawili, akamhamishia Annie milki ya siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, 13 Novemba. Sababu aliitaja: amefikia umri ambao siku hiyo haimfai tena. Na masharti aliyaweka: binti aongeze Louisa katika jina lake, walau faraghani, siku aitumie kwa kiasi na kwa utu, kwani si changa kama ilivyokuwa, na akikiuka, siku hiyo iende kwa Rais wa Marekani.

Ni mzaha, lakini una maana yake. Katika visiwa ambamo karatasi za wageni zilikuwa zikidai ardhi ya wenyeji, karatasi hii ilikuja kutoa, na mtoaji alitoa kilicho chake.

Stevenson alikuwa na miaka 40 alipoiandika. Tarehe 3 Disemba 1894 alifariki, akazikwa juu ya Mlima Vaea. Siku yake ya kuzaliwa haikuzikwa naye, kwani ilikwisha kuwa na mwenyewe, naye alikuwa hai.